Kusaka nguruwe pori ugenini: siku nne Handeni, tulivyohangaika na tulivyowapata

Mwanamkonge

Wakuu kwema? Mi ni msomaji wa kimyakimya humu, ila juzi kuna mdau aliuliza mtu ukipelekwa pori hujawahi kulikanyaga unaanzaje kumpata nguruwe pori, majibu yote yakawa "nenda na mbwa" na "kaa shambani usiku na tochi kali". Sisi hivyo vyote tulikatazwa, ndo maana nimeona nilete yetu. Ni ndefu, mwenye haraka apite.

Iko hivi. Shemeji yangu, aliyemuoa dada, ana raifo yake ya halali na kitabu chake. Baba yake ana eka nane za mahindi ndani ndani huko Handeni, unashuka Mkata pale barabara kuu alafu unapanda bodaboda saa zima na nusu mpaka makalio yanakufa ganzi. Mimi ni mtoto wa Muheza, pori ninalolijua ni la michungwa. Shemeji kazaliwa Tanga mjini, kwa baba yake anaendaga kwenye misiba na Idi tu. Kwa hiyo msije mkasema tulikuwa wenyeji, wote wawili tulikuwa wageni kabisa.

Mzee kaliwa sana mwaka huu. Nguruwe bora angekula hindi akalimaliza, yeye anaangusha bua, anang'ata mara mbili, anahamia jingine, ukiamka asubuhi unakuta kipande kizima kimelala kama kimepitiwa na trekta. Mzee akaripoti kijijini, kijiji kikapeleka kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, shemeji akafukuzia leseni mpaka ikatoka, nguruwe wawili, Julai msimu ulipofunguka. Afisa akatupa masharti yake mezani: hakuna kupiga usiku na tochi, hakuna mbwa, hakuna waya wala sumu, mkipata mnapiga simu nije nikague. Sawa mkuu, tukaondoka.

Sasa tatizo ni kwamba nguruwe pori ni mnyama wa usiku. Anaingia shambani saa tatu saa nne, na kabla hakujakucha vizuri kasharudi kulala kwenye kichaka ambacho hata nyoka anapita kwa shida. Kwa hiyo sisi kujua nguruwe wako wapi usiku haikusaidia kitu, hilo hata kipofu angejua, shamba lilikuwa linanuka. Tulichotakiwa kujua ni wanapita wapi saa kumi na mbili na robo asubuhi. Yaani ule upenyo wa dakika ishirini thelathini, kuna mwanga wa kuona na wao bado wako njiani.

Siku ya kwanza tulifanya kile anachofanya kila mgeni, tukafata nyayo. Shamba zima ni nyayo. Za nguruwe ni kwato mbili nene zina mviringo kwa mbele, na kwenye udongo laini unaona na vile vidole viwili vya nyuma vimegusa, ukikuta kwato nyembamba imechongoka hiyo ni pongo achana nayo. Tukazifata nje ya shamba kama robo kilomita zikaingia kwenye changarawe zikapotea, tukazunguka, tukapata nyingine, nazo zikapotea. Masaa matano wakuu. Tulichoona ni digidigi wawili na kupe. Na kwenye kurudi mimi nikapita chini ya upupu.

Asiyejua upupu wa mwezi wa saba ulivyokauka amshukuru Mungu. Sikuuona, nilisikia tu kama mtu kanipulizia vumbi shingoni, baada ya dakika mbili nikaanza kuvua shati porini. Ukikuna ndo unausambaza. Shemeji anacheka bunduki inamtikisika begani. Mama mkwe wa dada akanipaka majivu na maji usiku ule, akanisugua na gunia, nililala saa nane.

Siku ya pili tukasema tutumie akili za mjini. Nilikuwa nimeshapakua ramani ya setilaiti kwenye simu kabla hatujatoka Tanga maana nilijua huko mtandao ni wa kupanda juu ya kichuguu. Ukiangalia kwa juu kiangazi kila kitu kina rangi ya udongo, ila kuna mstari wa kijani kibichi unakata kusini mwa shamba kama kilomita moja na nusu. Hilo ni korongo. Nguruwe anataka vitu vitatu, chakula, maji ya kunywa na kugaagaa, na giza la kulala mchana, na lile korongo lilikuwa na viwili kati ya hivyo. Hapo tulikuwa sahihi. Tulipokosea ni sehemu ya kukaa. Tukachagua kilima kidogo juu ya korongo, unaona bonde lote, tukasema hapa hatoki hata panya. Tukafika saa kumi na moja alfajiri tukakaa kimya.

Hatukuona kitu ila tulisikia. Kulikuwa bado giza giza, chini kule kukawa na mguno, alafu ile sauti kama mtu anakohoa kwa nguvu mara moja, FUH, alafu vichaka vikavunjika kuelekea upande wa pili. Kwisha. Tukaanza kulaumiana nani kajikohoza.

Hakuna aliyejikohoza. Ni hewa. Asubuhi kabla jua halijatoka ile baridi ni nzito, inateremka taratibu kutoka kwenye mwinuko inaingia bondeni kama maji, hata kama hakuna upepo wowote. Jasho letu, sabuni ya shemeji, na majivu niliyopakwa, vyote vilikuwa vinashuka mpaka kwenye pua zao. Jua likishapanda inageuka, inaanza kupanda juu, ila saa hiyo wao wameshalala. Nguruwe haoni mbali, ila pua yake usiichezee. Tulivyorudi nikachoma kipande cha gunia pale pale tulipokaa, moshi ukalala chini ukateremka kabisa korongoni kama umeitwa. Nikasema dah.

Sasa ndo tunafika penye uzi wenyewe. Siku ile mchana tukiwa tumechoka tukakutana na jamaa mchoma mkaa, mtu wa kusini, ana tanuru lake kule nyuma ya shamba. Shemeji akamuuliza nguruwe wanalala wapi. Akasema sijui. Kwa kweli hakuna anayejua, na wote tuliowauliza hivo pale kijijini walisema hawajui au walitupeleka kule shambani kwa mzee tena. Nikamuuliza tofauti, nikamwambia wewe kaka ukiwa hapa kwenye tanuru alfajiri huwa unawasikia? Akasema aah, kuwasikia kila siku, wanapita pale mkwajuni wakati naswali... akajicheka, akasema wakati wenzangu wanaswali, maana yeye haswali.

Yaani siku mbili nzima jibu lilikuwa mita mia tatu kutoka kitandani kwetu. Ugenini usiulize mnyama yuko wapi, muulize mtu ambaye kazi yake inamfanya awe macho saa mbaya. Mchoma mkaa, mgema, mtoto anayelinda shamba, mama anayewahi kisimani. Na usimuulize anajua nini, muulize alisikia nini na saa ngapi.

Tukaenda mkwajuni. Mkwaju mkubwa, chini umeangusha matunda yake, na gome limepakwa matope mpaka usawa wa paja langu, matope mengine makavu ya siku nyingi na mengine bado mabichi, ukigusa yanaacha alama kidoleni, na nywele nyekundu nyekundu ngumu kama za brashi zimenasa. Pembeni kuna ndago zimefukuliwa kama mtu kapita na jembe. Kutoka hapo kuna mapito matatu yanaingia kwenye michongoma, yako chini kama matundu, mtu unapita kwa magoti.

Matatu, na sisi ni watu wawili na bunduki moja. Siku ya tatu hatukuwinda kabisa, na naona ndo siku tuliyofanya kazi ya maana kuliko zote. Jioni ya siku ile ya pili tulivunja tawi la majani tukafagia mapito yote matatu, kama hatua tano kila moja, udongo ukawa laini kama kitanda kimetandikwa. Tukaondoka. Asubuhi ya siku ya tatu jua likiwa limeshatoka tukarudi kusoma. Pito la kwanza limevukwa na kenge tu. La pili lina nyayo zinatoka kichakani kwenda shambani. La tatu nyayo zinarudi, nyingi, kubwa na ndogo, na juu yake hakuna utando wa buibui wakati la kwanza buibui alikuwa kashafunga mlango. Kumbe wanatoka njia nyingine na kurudi njia nyingine. Tungekaa la pili tungezeeka pale.

Siku ya nne saa kumi na moja kasoro tukakaa upande wa chini wa pito la tatu, ubavuni, hatua kama arobaini, mgongo kwenye kichuguu. Kabla ya kukaa nikapeperusha majivu kidogo, yakaenda nyuma yetu. Safi.

Hapa naomba msome taratibu. Kama saa kumi na mbili na robo hivi, mwanga ule wa kijivu, kitu cheusi kikatokea mkwajuni, kifupi, kipana, kinakuja polepole na kinakoroma. Shemeji akanyanyua bunduki. Mimi nilikuwa na darubini nikamshika mkono bila kusema neno. Lilikuwa gunia la mkaa juu ya baiskeli. Na jamaa yuko nyuma yake kainama anasukuma, mnyororo haujatiwa mafuta ndo unakoroma vile. Jana yake tulimwambia usipite kule mpaka saa moja, akasema sawa, ila siku hiyo alipata mteja wa mapema barabarani. Alipita hatua thelathini kutoka kwetu hakutuona. Mimi magoti yalikuwa yanagongana, shemeji kaiweka bunduki chini kabisa kwenye majani, hatukutazamana.

Nilidhani siku imeisha. Baada ya kama robo saa wakaja. Hutowasikia mpaka wako pale. Jike kubwa mbele, nywele za mgongoni nyeupe nyeupe, kasimama mkwajuni kanyanyua pua, nyuma yake vitoto bado vina mistari, wakubwa kadhaa, nikahesabu nane, dume wa mwisho kabisa anajifanya hayupo nao. Jike hatukumgusa. Dume alivyojitokeza ubavu shemeji akapiga moja, nyuma ya bega chini. Akakimbia kama hakupigwa, akaingia tunduni.

Tukakaa nusu saa kwa saa ya mkononi. Hii shemeji alifundishwa na aliyemuuzia bunduki na mimi namshukuru huyo mtu hata simjui, maana mimi ningekimbilia tunduni kwa magoti na nguruwe aliyejeruhiwa ananisubiri mbele. Tulimkuta kafa hatua kama arobaini ndani. Watu wanne walimbeba kwa mti.

Wa pili leseni imebaki, hatukumtafuta. Nawasilisha.

Chumvi na Ndimu

Uzi bila picha ni umbea mkuu

Mwanamkonge

@Chumvi na Ndimu picha anazo afisa alipokuja kukagua, mi simu ilishaishiwa chaji na sola ya mzee inachaji redio tu.

Chumvi na Ndimu

Haya na nyama je?? Au ndo mmezika. Mbuzi katoliki wa kilo zote hizo

Mwanamkonge

Mzee ni Ostadh, alifurahi nguruwe kafa ila uani kwake hakutaka hata kivuli chake. Tulimchunia kule kule mkwajuni. Tuliomba toroli la kubebea, mzee akasema "toroli langu hilo linabeba unga", basi. Panga tuliazima kwa mchoma mkaa na nyama alibeba yeye na wenzake wa kambi ya mkaa. Kuuza hatukuuza, nyamapori inauzwa kwenye bucha lenye kibali sio barabarani.

Nanasi Tamu

Mkuu umenigusa, mi niko Kiwangwa huku Bagamoyo, nanasi likianza kunukia tu wameshafika. Sasa swali, kwangu nawaona mchana kabisa saa tatu saa nne wanakula majani wamepiga magoti, wakikimbia mkia juu kama antena. Hao mbona hawaogopi jua? Au wa Bagamoyo ni sugu

Mwanamkonge

@Nanasi Tamu hao ni ngiri kaka sio nguruwe pori. Nguruwe pori akikimbia mkia uko chini, nywele za mgongo ndo zinasimama. Ngiri ni wa mchana, usiku analala shimoni. Labda wa usiku ndo wanaokula nanasi na ngiri anapewa kesi, kaangalie nyayo alfajiri.

Babu wa Kilindi

Vijana nimesoma yote. Mmefanya vizuri kufagia njia, sisi tulifagia hivohivo enzi za magobore na mzee wangu. Ila kuna mambo. Ngiri usisimame mbele ya shimo lake. Lile shimo kachimba muhanga, ngiri kahamia tu, na anaingia kinyumenyume ili meno yawe mlangoni, akitoka anatoka kama risasi na hayo meno yanakufungua paja. Nimemzika mtu kwa hilo.

La pili, usirudi kukaa pale mkwajuni wiki ijayo ukadhani watapita. Wakishapigwa sehemu wanahama njia, lile jike ulilomuacha linakumbuka kuliko wewe. La tatu hayo majivu ya kupeperusha mkononi ni ya watoto, funga kwenye kitambaa chepesi kama kifuko, unakitikisa tu kinatoa vumbi dogo, mkono wako hautembei.

Mwanamkonge

Shkamoo babu. Hilo la kifuko nalichukua. Na la kuhama njia nilikuwa sijui, nilishamwambia shemeji turudi pale pale

Babu wa Kilindi

Marahaba. Msirudi pale. Na usiku wa mbalamwezi wanachelewa kuingia shambani na wanaondoka mapema, giza ndo wanashinda mpaka alfajiri. Subirini mwezi uwe mchanga.

Kanyagio

Babu hapo kwenye mbalamwezi nakataa kwa heshima zote, mi huku Korogwe wananilia muhogo mwezi mpevu kama mchana.

Babu wa Kilindi

Muhogo uko pembeni ya msitu? Basi hawana safari. Mimi naongelea wanaovuka sehemu wazi.

Kanyagio

Uko pembeni ndio. Haya babu nimekaa

Mbeba Boksi

Mko vizuri sana nyumbani. Mi niko Texas mwaka wa tisa huu, huku nguruwe ni janga la taifa. Ila hawa wa huku sio wa asili kama wenu, ni wa kufugwa walioachiwa porini, Wahispania ndo walileta, mvumbuzi wao de Soto alishusha wa kwake Florida mwaka 1539, alafu baadae matajiri wakaleta na wale pori wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda wakachanganyikana. Sa hivi wanakadiriwa zaidi ya milioni 6 Marekani nzima. Jike anazaa mpaka mara mbili kwa mwaka.

Sheria za huku ukiwasimulia watu wa Handeni watasema unalewa. Texas tangu 2011 unaruhusiwa kuwapiga kutoka kwenye helikopta ukiwa na vibali, na tangu 2019 kwenye shamba la mtu akikuruhusu huhitaji hata leseni ya kuwinda. Usiku watu wana darubini za joto, mnyama anang'aa kama taa. Na bado hawaishi. Nilienda mara moja na bosi wangu, tukawekewa mashine inamwaga mahindi saa kumi na mbili jioni kila siku, nguruwe wamezoea ule mlio wanakuja wenyewe. Sikusikia raha kama niliyosikia kusoma huyo mchoma mkaa.

Chumvi na Ndimu

Yani mnamwaga mahindi makusudi nguruwe ale wakati mzee wa Handeni analia. Dunia haina usawa

Bint Bweni

Jamani mimi sina bunduki na sitaki, niko ng'ambo ya mto huku Pangani, nina minazi michanga na mihogo. Mche wa mnazi nguruwe anaung'oa anakula moyo wake tu anauacha, mwaka mzima wa kumwagilia umekwenda. Nifanyeje? Kulinda nimelinda, kugonga madebe nimegonga, siku ya nne wanakula huku wanasikiliza muziki.

Mwanamkonge

Dada pole. Sisi tulichokiona kwa mzee baada ya haya yote ni kwamba michongoma ilikuwa imeachwa ikafika mpaka mstari wa kwanza wa mahindi, nguruwe anatoka kichakani mdomo uko shambani tayari. Wamefyeka kama hatua thelathini kuzunguka. Hapendi kuvuka peupe. Haizuii kabisa ila wanaingia kwa kuchelewa, na wakitishwa wanakimbia kweli maana wako mbali na maficho. Na madebe usigonge kila siku muda uleule sehemu ileile, wanazoea.

Bint Bweni

Kufyeka naweza, asante kaka. Kwenye kuzoea umesema kweli, mimi nagonga kila saa tatu kama kengele ya shule

Fundi Chanjo

Mimi natibu mifugo, naomba mnipe dakika maana hapa kuna kitu hakijaguswa na ni cha hatari kuliko upupu.

Nguruwe pori na ngiri wanabeba kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuumwa. Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, nguruwe wa kufugwa walikuwa wanakufa hovyo karibu na wa porini. Kwenye mashimo ya ngiri kuna papasi, wale wa kujificha kwenye vumbi, ndo wanaokitunza. Binadamu hakimdhuru, hata ukila. Ila nguruwe wa kufugwa akikipata anakufa na banda zima linafuata, na hakuna dawa ya kutibu.

Sasa angalia watu wanavyofanya. Umemchuna nguruwe wa pori, matumbo unamrushia nguruwe wa jirani kama msaada. Au umetoka kumbeba, damu iko kwenye buti, unapita bandani kusalimia. Umeshamfilisi. Matumbo na ngozi fukia chini sana, buti na panga osha kwa sabuni na dawa ya madoa, na wiki ile usikanyage banda la mtu. Na nyama yenyewe ipikwe iive kabisa isiwe na wekundu, inaweza kuwa na minyoo ya kuingia kwenye misuli. Hakuna cha kuchoma nusu nusu na bia.

Mwanamkonge

Dokta hapo umenichoma. Matumbo tuliacha mkwajuni tukasema fisi atamaliza. Huko kwa mzee hakuna anayefuga nguruwe ila kambi ya mkaa wana wawili wamefungwa kamba. Nampigia simu shemeji sasa hivi

Fundi Chanjo

Piga. Wakianza kulala, masikio yakawa mekundu na wanaacha kula, wasichinje wakagawana na wasiwauze, wamwite afisa mifugo.

Mpenda Misitu

Naona watu wanashangilia tu. Hawa wanyama walikuwepo kabla ya hilo shamba. Mnakata kichaka, mnachoma mkaa, alafu nguruwe akitafuta chakula mnasema adui. Leo dume, kesho jike, keshokutwa mnasimulia wajukuu kulikuwaga na nguruwe.

Mwanamkonge

Sikatai, na ndo maana wa pili hatukumtafuta wakati karatasi inaruhusu. Ila mkuu mzee ana miaka sabini na kitu, analala shambani kwenye kibanda cha makuti na tochi ya betri mbili. Mweleze yeye.

Mpenda Misitu

Mzee simlaumu. Nawalaumu wanaosoma hapa wakaenda na waya kesho

Babu wa Kilindi

Hapo kasema kweli. Waya haujui leseni. Unamkamata pongo, mbwa wa mtu, na mtoto aliyefata ng'ombe.

Nanasi Tamu

Mrejesho wakuu. Nimefagia njia mbili kama mlivyosema. Kumbe ngiri kasingiziwa kweli, asubuhi nyayo za usiku zimejaa upande wa bondeni, nene na za mviringo. Na kuna za viatu. Saizi kama arobaini na mbili. Nanasi sita hazipo na zimekatwa kwa kisu

Chumvi na Ndimu

😂😂😂 huyo nguruwe ana kitambulisho cha taifa

Kanyagio

Huyo hata babu hamuwezi

Mwanamkonge

Mrejesho na mimi. Nguruwe wa kambi ya mkaa wako salama mpaka leo, siku ya kumi na mbili, matumbo fisi alishamaliza kabla hatujapiga simu. Mzee anasema tangu siku ile hawajaingia kwenye mahindi, wamehamia kwenye muhogo wa jirani yake upande wa mashariki. Jirani huyo yeye alikataa kufyeka kwake. Amempigia shemeji simu jana usiku mwenyewe, anauliza ile karatasi ya nguruwe wa pili bado ina muda.

Jamaa wa mkaa nimemnunulia kopo la grisi, nimemtumia kwa bodaboda.